Ustadi wa Kulisimamisha Bomba

Mshahara wa askari wa Buluk, mtaa wa Juba wenye makao makuu ya polisi, unategemea joto lililomo ndani ya bomba lililofukiwa mamia ya kilomita kaskazini. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali ya Sudan Kusini ni ya mafuta, na mafuta hayo hufika Bahari ya Shamu kwa mabomba yanayoikata Sudan. Mawaziri wa petroli tunawajua kwa majina. Mafundi wa zamu kwenye vituo vya pampu hakuna anayewataja, nami nawastaajabia kuliko mawaziri wote.

Ugumu wa kazi yao unaanzia kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya Paloch, huko Upper Nile, yanayouzwa kwa jina la Dar Blend, ni mazito na yamejaa nta. Joto likishuka chini ya nyuzi 40 hivi, huanza kuganda kama samli. Kwa hiyo hupashwa joto, hutiwa dawa ya kuzuia nta isishikane, kisha husukumwa. Bomba lake lilianza kazi mwaka 2006. Kipenyo chake ni inchi 32, urefu wake takriban kilomita 1,370. Ukipiga hesabu, tumbo lake linabeba zaidi ya mapipa milioni 4. Visima vikitoa mapipa 150,000 kwa siku, pipa linaloingia leo litaiona bahari baada ya wiki nne.

Wiki nne ni safari ndefu kwa kitu kinachopoa. Hapo ndipo ulipo mtego ambao fundi mzuri haachi kuuwaza: uzalishaji ukipungua, mafuta huenda polepole, yakienda polepole hupoa zaidi, yakipoa huwa mazito, na pampu hulemewa. Basi fundi husoma shinikizo linapotoka kituo chake na linapofika kituo kinachofuata. Pengo kati ya vipimo hivyo likianza kupanuka siku hadi siku, bila pampu kubadilishwa, anajua nta inajengeka ukutani mwa bomba, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Atatuma chombo cha kukwangua, kinachosukumwa na mafuta yenyewe. Akikituma akiwa amechelewa, nta inayokwanguliwa hurundikana mbele yake na kuziba njia.

Lakini ustadi mkubwa zaidi, naona, ni kusimama. Januari 2012 Juba iliamua kufunga visima kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada za kupitisha mafuta. Magazeti yaliandika siasa. Huku nyuma mafundi walikuwa wakitoa mafuta bombani na kujaza maji mahali pake, ili kisibaki kitu cha kuganda. Maji hayo yalingoja zaidi ya mwaka. Mwaka 2013 mafuta yalirudi kupita mle mle. Kazi iliyofanywa vizuri kiasi hicho haikumpa mtu kichwa cha habari, kwa kuwa hakikuharibika kitu.

Februari 2024 hawakupewa nafasi hiyo. Vita vya Sudan vilikuwa vimewazunguka, dizeli ya kuendeshea vituo haikufika, na mafuta yakaganda bombani upande wa Sudan. Mwezi uliofuata serikali ya Sudan ilitangaza kuwa haiwezi kutimiza mikataba. Huko Juba, watumishi wa umma wakakaa miezi bila mshahara.

Wahandisi wa bomba jipya la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, wamelijibu tatizo hili la nta kwa kulivika bomba koti la kuzuia joto na kulipasha kwa umeme njia nzima. Ni jibu zuri. Bomba la Paloch halina anasa hiyo. Linaishi kwa mwendo, na kwa watu wanaoulinda.

Kuamsha bomba lililoganda ni kazi ya subira kuliko nguvu. Shinikizo likizidi, chuma kitapasuka. Likipungua, nta haitaachia. Hupandishwa kidogo, husubiriwa, hupandishwa tena, kipande kwa kipande. Januari 2025 Sudan iliondoa tangazo lake, na mafuta ya Paloch yakaanza tena safari ya kwenda baharini.