Dirishani pa Dawa

"Dawa imeisha, baba. Pole sana." Muuguzi wa zahanati ya kijijini huyasema haya akijua kitakachofuata. Mzee ametoka kwake alfajiri, matope ya masika magotini, kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) mkononi, ile iliyolipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Anauliza alilipia nini. Ana haki. Ila swali limepotea njia: walioahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya walikuwa wakuu wa nchi za Afrika, si dada huyu aliyekesha akizalisha.

Kwa wanaofanya kazi hii huku Liparamba, mpakani na Msumbiji, pongezi zangu si za tabasamu (wengine hawatabasamu kabisa, nami siwalaumu). Ni za kueleza: kwamba oda imekwenda Bohari ya Dawa, kwamba mtoto mwenye homa atapimwa malaria kwanza, kwamba mgonjwa aliyezidiwa apelekwe Liuli, hospitali ya misheni kule ziwani, kabla ya giza.

Mzee anagomba mpaka sauti inamkauka. Muuguzi anamsogezea benchi, kisha anamgeukia anayefuata.

"Shikamoo mama. Karibu."