Nakshi kama Sehemu ya Maandishi: Miswada ya Chester Beatty na Funzo kwa Mhariri wa Tenzi

Katika uhakiki wa miswada ya kale, nakshi imezoeleka kuhesabiwa kuwa pambo. Mhakiki huchambua maneno kwanza, kisha, nafasi ikibaki, huitaja dhahabu, rangi na maua ya pambizoni kwa aya moja ya sifa. Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kurejelea mkusanyo uliohifadhi miswada ya Kiislamu na ya Ulaya chini ya paa moja, yaani maktaba ya Chester Beatty iliyoko Dublin, Ayalandi. Inadaiwa hapa kwamba sehemu kubwa ya nakshi katika miswada hiyo ina kazi ya kiisimu: inaigawa matini, inahesabu vipashio vyake, na kumwonyesha msomaji mahali pa kuanzia, pa kutua na pa kurejea. Mhariri anayeiondoa nakshi ya aina hiyo huwa ameondoa sehemu ya maandishi. Dai hili linawagusa wahariri wa tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama itakavyoelezwa mwishoni.

Mkusanyo na istilahi

Alfred Chester Beatty (1875–1968) alikuwa Mmarekani, mhandisi na mwekezaji wa migodi. Kampuni yake ya Selection Trust ilikuwa na maslahi makubwa katika ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa hiyo historia ya mkusanyo huu haiwezi kutenganishwa kabisa na ardhi ya Afrika. Aliihamishia maktaba yake Dublin mwaka 1950, na tangu mwaka 2000 imo katika viwanja vya Kasri ya Dublin.

Istilahi zenyewe zinastahili kutazamwa. Lugha kadhaa za Ulaya huitaja kazi hii kwa neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kutia nuru. Kiarabu huiita tadhhibu, kutokana na mzizi uleule uliotupatia neno dhahabu. Kiswahili kina nakshi, neno ambalo nalo limetoka katika Kiarabu, ambalo hutumika kwa mlango wa mbao, kwa lipu ya ukuta na kwa ukurasa wa kitabu. Faida ya neno hili ni kwamba linataja kazi ya mkono bila kuifunga katika mali-ghafi moja. Hasara yake ni kwamba katika matumizi ya kawaida, mtu akisemwa ametia nakshi maneno yake, hufahamika kuwa ameongeza kitu ambacho habari ingeweza kukamilika bila hicho. Istilahi yetu, basi, inatuelekeza kwenye hitimisho kabla hatujaufungua muswada.

Msahafu unaojihesabu

Mfano wa kwanza ni msahafu ulionakiliwa na Ibn al-Bawwab mjini Baghdad mwaka 391 Hijria, sawa na 1000–1001 Miladia. Ni kitabu kidogo cha karatasi, kilichoandikwa kwa hati ya naskhi, na ni miongoni mwa misahafu ya mwanzo kabisa ya hati ya aina hiyo iliyo na tarehe. Kurasa zake za mwanzo zimejaa dhahabu na mistari iliyosukwa. Anayezitazama upesi ataziona kama zulia. Anayezisoma atakuta takwimu: idadi ya sura, 114, idadi ya aya, 6,236, kisha idadi ya maneno, ya herufi na ya nukta. Sehemu yenye nakshi nzito kuliko zote, kwa hiyo, ndiyo yenye maelezo ya kiisimu kuliko zote. Kabla msomaji hajafikia aya ya kwanza, mnakili amekwisha kumpa kipimo cha kuhakikishia kwamba matini imekamilika.

Ndani ya misahafu ya jadi hiyo utaratibu unaendelea. Alama ndogo hutenga aya na aya. Kila baada ya aya tano huweza kuwekwa herufi ha, ambayo katika hesabu ya abjadi ina thamani ya 5, na kila baada ya aya kumi huwekwa alama kubwa zaidi. Duara za pambizoni huonyesha mahali pa kusujudu. Msomaji wa kwa sauti hutegemea alama hizi kama vile msomaji wa leo anavyotegemea nukta, mkato na namba za kurasa. Hatusemi kwamba nukta ni pambo la sentensi. Hatuna sababu ya kusema hivyo kuhusu ua la dhahabu linalofanya kazi hiyohiyo.

Kitabu cha sala na utambuzi wa saa

Mfano wa pili unatoka Ulaya. Kitabu cha Sala cha Coëtivy kilitengenezwa Paris kati ya 1443 na 1445 kwa ajili ya Prigent de Coëtivy, amiri wa majeshi ya majini ya Ufaransa, na picha zake zinahusishwa na msanii ambaye wataalamu humwita Bwana wa Dunois. Vitabu vya aina hii viliwawezesha walei kusali kwa vipindi vya siku. Sala za Bikira Maria ziligawanywa katika vipindi vinane, na katika desturi ya Ufaransa kila kipindi kwa kawaida kilifunguliwa kwa picha yake: Maria kupashwa habari katika kesha, kuzaliwa kwa Kristo katika sala ya saa ya kwanza, kukimbilia Misri katika masifu ya jioni.

Vitabu hivi kwa kawaida havikuwa na namba za kurasa. Msomaji aliyetaka masifu ya jioni alifungua mpaka alipomwona punda wa safari ya Misri. Ukubwa wa herufi za mwanzo nao ulikuwa na daraja: kubwa kwa sala, ya kati kwa zaburi, ndogo kwa mstari. Katika kalenda, sikukuu kubwa zilitofautishwa kwa rangi au dhahabu. Tofauti ya kitheolojia kati ya kitabu hiki na msahafu ni kubwa, hasa kuhusu picha za viumbe, lakini kanuni ya kimuundo ni moja. Katika vyote viwili jicho hupewa sarufi ya ukurasa kabla ulimi haujatamka neno.

Gharama ya kutenganisha

Kwamba jambo hili lina madhara kunathibitishwa na yaliyoisibu Shahnameh kubwa ya Iran ya karne ya 14, zama za utawala wa Wamongolia, ambayo baadhi ya kurasa zake zimo katika mkusanyo huu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Georges Demotte, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, aliuvunja muswada huo ili auze picha mojamoja. Karatasi zilizokuwa na picha pande zote mbili zilichanwa kwa unene wake, na baadhi ya picha zikabandikwa kando ya maandishi yasiyohusiana nazo. Demotte alitenda kwa kisu yale ambayo mhakiki wa mazoea hutenda kwa kalamu: aliamini kwamba picha na neno ni vitu viwili vilivyokutana ukurasani kwa bahati.

Ni lazima kukubali pingamizi moja. Ipo nakshi ya fahari. Msahafu wa Ruzbihan wa Shiraz, wa karne ya 16, uliomo katika maktaba hiyohiyo, umejaa dhahabu na rangi ya buluu kwa kiasi ambacho hakuna msomaji anayekihitaji ili asome. Kwa hiyo tunahitaji kipimo, nacho ni hiki: je, nakshi fulani ikiondolewa, msomaji hupoteza taarifa kuhusu mgawanyo, mpangilio au utamkaji wa matini? Akipoteza, nakshi hiyo ni ya mwongozo na ni wajibu wa mhariri. Asipopoteza, ni ya fahari, na inaweza kuachiwa mwanahistoria wa sanaa.

Tenzi zetu

Kipimo hicho kikitumiwa kwa miswada ya tenzi, matokeo yake si madogo. Katika miswada ya hati ya Kiarabu, ubeti wa utenzi mara nyingi huandikwa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne hutengwa kwa alama, ambazo mara nyingine hutiwa rangi. Kwa kuwa hati inaelekea kushoto, kina cha bahari hujipanga ukingoni mwa kushoto kama safu moja, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umoja wa bahari huonekana kwa macho kabla ya kusikika. Matoleo ya hati ya Kilatini huvipanga vipande vinne juu na chini. Safu ile hukatika, na alama hutoweka bila hata tanbihi.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia miswada Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, alikuwa mshairi na pia mchonga nakshi za mbao. Baadhi ya nakala zake zina kurasa za mwanzo zilizonakshiwa. Mtu wa ujuzi huo hakuweka alama kati ya vipande kwa kutojua tofauti ya uandishi na urembo.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila toleo la kihakiki la utenzi lieleze alama za muswada, rangi zake na mahali zinapotokea. Litoe picha ya angalau ukurasa mmoja. Na lionyeshe mpangilio wa asili wa ubeti kabla ya kuubadilisha. Wanafunzi wa uzamili wanaofanya unukuzi wa hati wafundishwe kunukuu alama pamoja na herufi. Miswada mingi ya pwani bado imo majumbani mwa watu, na karatasi yake inachakaa. Unukuzi utakaofanywa sasa huenda ukawa ndio ushahidi pekee utakaosalia wa namna ukurasa ulivyopangwa, na kisichonukuliwa leo hakitapatikana tena kwa watakaotaka kuukagua kesho.