Kikombe cha Pembeni

Kabla unga wa muhogo haujaingia sufuriani, yaya yangu huchota kikombe kimoja cha uji mwepesi na kukiweka kwenye tofali, karibu na mbabula, jiko letu la makaa. (Yaya, kwetu Kalemie, ni dada mkubwa, msomaji wa Dar es Salaam asidhani namtaja mlezi wa watoto.) Nimekula bukari wake miaka mingi bila kukijali kikombe hicho. Nilidhani ni uji wa mtoto.

Bukari ndio ugali wetu. Nyumbani kwetu ni wa mchanganyiko, mahindi kidogo na muhogo mwingi. Mimea yote miwili asili yake ni bara la Amerika, lakini sufuriani kila mmoja una tabia yake. Unga wa mahindi unataka kuchemka. Ukiuharakisha, ulimi utakuambia ni mbichi. Muhogo umekwisha kulowekwa siku tatu nne ili sumu yake ipungue, ukaanikwa, ukasagwa. Ukikutana na moto hunywa maji papo hapo. Kwa hiyo yaya huanza na mahindi. Huyavuruga kwa maji baridi bakulini, humimina ndani ya maji yanayochemka, kisha huacha uji utokote mpaka uanze kumrukia mikononi. Hapo ndipo huchota.

Unga wa muhogo huumwaga wote kwa mara moja, ukae kama kichuguu katikati ya sufuria. Haugusi. Hutoboa tundu kwa mpini wa mwiko, uji ukapanda kupitia humo, na kingo za kichuguu zikaanza kugeuka rangi, kutoka weupe wa chokaa kuwa kijivu chenye kung'aa. Mimi, kwa haraka zangu, ningekuwa nimeshakoroga.

“Acha unywe kwanza,” huniambia.

Akishaona unga umelowa, hushusha sufuria chini, huibana kwa kitambaa, na kuanza kusonga. Hakorogi kwa kuzungusha. Huukandamiza unga kwenye ubavu wa sufuria, huugeuza, huukandamiza tena. Mara nyingi wakati huo bukari ni mgumu kupita kiasi, na mkono unalalamika. Ndivyo anavyotaka. Bukari mgumu una dawa, na dawa iko kwenye tofali. Uliolegea ukiuongezea unga mkavu, unga huo hauna tena maji ya kutosha kuiva: kila donge dogo hujifunga ngozi ya utelezi kwa nje, na katikati hubaki vumbi. Unalipata mezani, mbele ya wageni.

Basi humwagia uji wa kikombeni kidogo kidogo, pembezoni, huku akisonga. Kijiko kama kimoja, kisha anasikiliza mwiko. Niliwahi kumwuliza kwa nini asichukue tu maji ya mtungi. Akacheka, akanifanyia: bukari ukawa unateleza juu kama samaki, ndani ukabaki na madonge. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji ya hapa huchemka kwenye digrii 97 au karibu. Wanga wa muhogo hauhitaji hata hizo, huanza kuvimba kwenye digrii 60 na kitu. Uji uliokaa karibu na makaa bado unazo. Maji ya mtungi hayana, hivyo hukaa tu kati ya madonge bila kunywewa.

Nilijaribu kumshinda kwa vipimo. Nilihesabu vikombe, nikaandika kwenye daftari, na siku ya kwanza bukari wangu ulisifiwa. Gunia lililofuata likanitia aibu kwa hesabu ileile: nikala uji kwa uma. Unga ulikuwa wa msimu wa mvua, umeshika unyevu tangu kwenye muhogo wenyewe ulioanikwa kati ya manyunyu mawili. Unga wa namna hiyo huja na sehemu ya maji yake tayari, kwa hiyo sufuriani hunywa kidogo. Wa kiangazi, uliokaukia juani mpaka ukavunjika kama chaki, hunywa bila aibu. Daftari halikujua ni mwezi gani.

Halafu kuna suala la kitoweo, na hapa ndipo namheshimu zaidi. Ndagala, yaani dagaa, wenye mchuzi mwepesi wa nyanya wanataka bukari unaosimama, tonge liweze kubonyezwa kwa dole gumba na kuchota bila kuvunjika. Sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, iliyopikwa mpaka maji yake yakaisha, inataka bukari laini zaidi, la sivyo mlo wote unakuwa mzito kooni. Baba akichelewa, yaya huuacha laini kuliko kawaida, maana bukari hukaza unapopoa. Anaupika kwa ajili ya saa atakayofika, si saa inayoonyeshwa ukutani.

Mwisho hulowesha kiganja, hugusa juu, na kuvuta mwiko. Chini ya sufuria huonekana bati safi kwa nukta moja kabla bukari haujarudi kulifunika. Anaupindua sahanini.

Juzi nilichungulia kikombe: kilikuwa kimebaki nusu. Siku iliyotangulia hakikubaki kitu. Akaumwaga uji huo kwenye ukoko, akafunika sufuria, akaniita nikanawe mikono.