Kanzu, Shavu na Jua la Saa Saba

Anayetaka nimshauri achague filamu au dijitali, namwomba kwanza anionyeshe picha ya mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, kasimama nje juani saa saba mchana. Picha hiyo haifichi kitu. Tafuta mikunjo ya kitambaa kifuani. Kisha hamia kwenye shavu lililo kivulini: bado ni ngozi, au limegeuka masizi?

Filamu na dijitali hazikosei upande mmoja. Negativu ya rangi huvumilia mwanga mwingi. Izidishie hata stopu mbili, mikunjo ya kanzu itabaki. Ukiipunja mwanga ndipo unapoiua, maana pale kivulini hapakuandikwa kitu, na hakuna skana inayorudisha kisichokuwepo. Ndiyo sababu filamu ya ISO 400 mimi huipima kana kwamba ni ya 200. Dijitali ni kinyume: kanzu ikishaungua imekwenda, ila kivulini utachimba na kupata mengi, hasa ukipiga faili ghafi. Basi picha ya negativu ihukumu kwa shavu, ya dijitali ihukumu kwa kanzu. Filamu ya slaidi inakaa upande wa dijitali, tena ni kali zaidi.

Kabla ya kutazama kioo cha kompyuta, inua negativu yenyewe dirishani. Humo kila kitu kimepinduka: kanzu ni nzito, shavu la kivulini ni jepesi. Likiwa tupu sawasawa na ukingo wa filamu ambao haukupata mwanga, hapo hapana picha.

Niliwahi kupeleka filamu studio, ikasafishwa vizuri, nikapewa faili ndogo za JPEG zenye kanzu zilizoungua zote. Nikailaumu filamu kwa miaka. Siku nilipoziskani upya negativu zilezile, taratibu, mikunjo ilikuwepo yote. Tangu hapo siamini hukumu ya mtu juu ya filamu mpaka nijue nani aliskani.

Skani njema haina haraka ya kupendeza. Hutoka imepooza kidogo, weusi na weupe wake havijabanwa, ili kazi ya kurekebisha ibaki mikononi mwako. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa pikseli karibu milioni 21, lakini usidanganywe na namba ya kwenye boksi. Skana nyingi za bapa huiahidi na hazifiki. Kuza picha uangalie punje. Zikikaa kama mchanga mwembamba, skana imefika chini. Ukiona ukungu laini, imeishia juu juu. Mstari mweupe unaozunguka bega ni ukali uliopakwa na programu. Na ile taa ya infraredi inayofuta vumbi usiiwashe kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: fedha iliyo ndani yake huzuia miale hiyo, mashine ikaidhani picha ni uchafu. Tumia brashi.

Rangi ya ngozi inataka uangalifu wa peke yake. Kwa miongo mingi maabara zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na nyuso zetu zikalipa. Leo programu za kuskani nazo hubahatisha. Mimi huanza kurekebisha usoni, kanzu itafuata.

Harusi ya usiku ukumbini, chukua dijitali bila kusita. Kwa picha ya mzee wako uani, jua likiwa kali na nyinyi mna nafasi, naichagua filamu ya 120: fremu 12 tu za sita kwa sita, kila moja ikiwa na eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya milimita 24 kwa 36. Studio waombe faili za TIFF za biti 16, na usiondoke bila negativu zako.