Ule Mfupa Haukuwa wa Kuku Tu

Wenzangu mliokuwepo ufukweni Nchelenge, kwenye Ziwa Mweru nchini Zambia, asubuhi ile ya somo la dinosaria la chekechea, wengi wenu mlikuwa mkitazama kundi la pili la watoto likikanyaga nyayo za majitu kwenye mchanga, na kweli lilipendeza. Ninyi mlioletewa video kwenye simu, ilikatwa mapema mno. Basi nawasimulia kilichowapita, maana kipindi kizima kiliangukia pale. Mwalimu alikosea. Sisemi alighafilika, wala kwamba alizidiwa na kelele. Aliona, akasikia, akaamua. Na uamuzi wenyewe ulikuwa mbovu.

Turudishe mkanda nyuma. Kona ya uchimbaji ilikuwa na makarai matano ya mchanga uliochekechwa ukakauka, brashi za kupakia rangi zilizokatwa mipini ili zienee vidole vya miaka minne, na dinosaria wa plastiki watatu wamefukiwa katika kila karai. Mtoto mmoja mwenye kaptula ya bluu alikosa nafasi. Wenzake walimbana. Akarudi nyuma, akachuchumaa kwenye mchanga wa ufuko wenyewe, ule ambao jioni watu hukaa wakila na kutupa masalia, akaanza kukwangua kwa kidole. Akagusa kitu kigumu. Hakukivuta. Alikwangua kwanza upande huu, kisha upande ule, mpaka kikalegea chenyewe.

Ulikuwa mfupa, mrefu kama kidole cha shahada cha mtu mzima, umepaushwa na jua, ncha moja ina vifundo viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Akaupuliza vumbi. Akauinua na kupaza sauti: “Ifupa!” Kibemba hicho hakimtaki Mswahili atafute mkalimani. Akaukimbiza kwa mwalimu na kumuuliza kama ni wa dinosaria.

Mwalimu aliutazama kwa muda wa kupepesa jicho. Akasema ni wa kuku tu, akautupa chini ya benchi, akampangusa mtoto mkono kwa leso. Kisha, na hapa ndipo nilipotaka kusimama, akatia mkono wake mwenyewe ndani ya karai la karibu, akatoa Ti-reksi wa kijani, akamkabidhi: huyu ndiye dinosaria.

Katika sekunde zile chache mna makosa matatu, na kila moja limezaa jingine.

La kwanza ni la somo lenyewe. Ndege ni dinosaria. Sisemi wanafanana nao, wala kwamba ni binamu zao wa mbali: wametoka katika tawi lile lile la wanyama wa miguu miwili alikotoka huyo Ti-reksi. Thomas Huxley alikuwa akilinganisha miguu ya ndege na ya dinosaria tangu miaka ya 1860, na visukuku vyenye manyoya vilivyofukuliwa China kuanzia miaka ya 1990 vilimaliza ubishi mwingi. Kifuani mwa kuku huyo huyo mna mfupa wa panda, na Ti-reksi alikuwa nao. Kwa hiyo hesabu ya kona ile ilikuwa hivi: dinosaria kumi na watano wa plastiki, na mfupa mmoja wa kweli wa ukoo wa dinosaria. Mwalimu akautupa ule mmoja.

La pili ni neno “tu”. Mtoto ameleta swali zima: ameona umbo, amelilinganisha na alichosimuliwa kwenye duara la asubuhi, ametoa dhana, ameileta ipimwe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtaalamu wa mifupa ya kale hana nyingine. Kujibiwa “ni wa kuku” kungetosha, na ungekuwa ukweli. “Tu” ndiyo iliyofunga mlango.

La tatu, mwalimu alimchimbia. Kona imeandaliwa siku mbili ili mtoto achimbe, kisha mtu mzima anachimba kwa niaba yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Huyu hakulilia hata wembe, alileta mfupa, akapewa mwanasesere.

Najua utetezi utakaokuja. Uchafu: mfupa umetoka mchangani, una vijidudu. Sawa, na beseni la maji na sabuni lilikuwa hatua tatu kutoka pale, limewekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kunawa. Ncha kali: mfupa ulikuwa mzima, na mwalimu angeushika yeye. Muda: kipindi kilikuwa kimebakiza dakika ishirini. Andalio la somo: liliandikwa kwamba mtoto atambue dinosaria watatu kwa majina. Hapo ndipo penye ugonjwa. Andalio ni ramani, na mtoto alikuwa amekwisha kufika.

Alitakiwa kufanyaje? Auoshe. Awaite wale waliombana mwenzao. Aulize: wa nani huu? Wangepiga kelele “nkoko!” wote. Aulize tena: kuku ana vidole vingapi vinavyotazama mbele? Vitatu, na nyayo za majitu walizokuwa wakikanyaga watoto wa kundi la pili zilikatwa vidole vitatu vile vile! Kisha avunje mfupa mwingine wa kuku, yeye mwenyewe kwa mikono yake, awaonyeshe kwamba ndani mna uwazi. Dakika nne. Somo la mwaka mzima.

Uwazi huo ndio unaonipeleka Tendaguru. Wasomaji wa safu hii mnajua nitafika huko kila mwezi, na mimi mtu wa Lindi sitaomba radhi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, kwenye kilima kile kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, mamia ya wachimbaji na wapagazi wa msafara wa Wajerumani walitoa mifupa ya dinosaria yenye uzito wa tani zipatazo 250, wakaifunga kwa mianzi na kuibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini. Mmoja wa wanyama hao ni Giraffatitan, ambaye kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na sasa kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Pingili za shingo yake zilikuwa na vyumba vya hewa ndani, kama za ndege. Lau zingekuwa mfupa mtupu, shingo ile isingeinuka.

Na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Huyo ndiye kipimo changu, mnipende mnichukie. Hakuwa na kitabu cha picha wala mwanasesere wa kijani. Alikuwa na jicho la kutenga mfupa na jiwe, na Wajerumani wenyewe walilitegemea jicho hilo. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Mtoto wa kaptula ya bluu alikwangua pembeni kabla ya kuvuta. Boheti angemwekea mkono begani.

Kinyongo changu na Ti-reksi ni cha zamani. Mnyama huyo aliishi Amerika Kaskazini, Afrika hakukanyaga. Lakini nenda chekechea yoyote kuanzia Mbezi mpaka Kashikishi, ndiye aliyebandikwa ukutani, kwenye ile karatasi ya kupaka rangi ambayo watoto thelathini huijaza rangi moja. Sisi tuna Mnyamawamtuka, aliyechimbwa kusini-magharibi mwa Tanzania na kutangazwa mwaka 2019, jina lake la pili moyowamkia, kwa sababu pingili yake moja ya mkia ina umbo la moyo. Ni Kiswahili kitupu, mtoto wa miaka minne analiimba. Wamalawi wana Malawisaurus wao wa Karonga. Halafu tunanunua Ti-reksi. Na mwaka 2018 serikali yetu ilipotamka kwamba haitadai mifupa ya Tendaguru irudi, niliandika hapa hapa kwamba basi angalau turudishe hadithi zake madarasani. Bado nasubiri.

Zana haikosekani. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa yule wa Berlin una mita 2.13. Kata kamba ya urefu huo, kamba za nyavu zimejaa tele ufukweni pale, ilaze mchangani, kisha walaze watoto wawili wa miaka mitano, kichwa cha mmoja kwenye nyayo za mwenzake. Watakaribia kuenea. Mfupa mmoja, watoto wawili. Hakuna plastiki itakayowaambia hivyo.

Mengine yalikwenda vizuri. Watoto waliwekwa mbali na maji, kwa ajili ya mamba na kichocho, na hakuna aliyethubutu kuuvuka mstari wa majivu uliowekwa kuwazuia. Wimbo wa kukanyaga ulikuwa na mapigo sahihi. Meza ya udongo, ambapo chisense wakavu, yaani dagaa wa Mweru, waligandamizwa kwenye mfinyanzi na kuinuliwa ili alama ibaki, ni zana bora kabisa ya visukuku niliyoiona miaka mingi. Kwa kipindi natoa saba kwa kumi. Kwa zile sekunde, sifuri.

Watoto walipokwenda kunywa uji nilipita kwenye meza hiyo kuangalia kazi zao, vidonge vya mfinyanzi vimepangwa juani, kila kimoja na samaki wake mdogo, magamba na mkia vinaonekana. Cha mwisho kwenye safu hakikuwa na samaki. Kilikuwa na mchirizi mrefu, mwisho wake vishimo viwili ubavu kwa ubavu. Nikainama kutazama chini ya benchi. Mfupa haukuwepo.