Air France 447: Kimya Kilichohesabiwa Kuwa Jibu

Sonari haikukosea. Waliokosea ni waliokaa na ramani mezani, wakahesabu kimya kuwa jibu.

Waliofuatilia msako wa ile Airbus A330 iliyotumbukia Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na watu 228 wanakumbuka mwanzo wake. Visanduku vyeusi vilikuwa na vitoa mlio vyenye betri za siku 30. Meli mbili zikaburuta vipokezi vya Jeshi la Majini la Marekani kuzunguka nukta ya mwisho iliyotumwa na ndege. Hazikusikia kitu, na tangu hapo eneo lile likachukuliwa kama limeshatafutwa. Agosti, sonari ya meli Pourquoi Pas? ikapelekwa kwingine. Mwaka 2010 roboti za REMUS zikafuata hesabu za mikondo ya bahari. Kisha Wafaransa wakadai mlio umo katika rekodi za nyambizi yao Émeraude, msako ukahamia mahali ulikodhaniwa kusikika. Patupu.

Kusikiliza na kupiga picha kwa mwangwi ni kazi mbili tofauti. Kipokezi cha kuburutwa hutegemea kitoa mlio kiwe kizima. Sonari ya ubavuni haihitaji hisani hiyo: hutuma wimbi, vipokezi vyake vilivyopangwa mstari hukusanya mwangwi, na kipande cha chuma kikirudisha sauti kwa nguvu kuliko tope, hung'aa kwenye picha hata kikiwa kidogo. Kwa hiyo kimya cha kipokezi kina maana mbili: ndege haipo, au ipo na kitoa mlio kimekufa. Apigaye hodi asiitikiwe hawezi kuapa kwamba nyumba ni tupu. Maana ya pili ilipewa uzito mdogo mno, na gharama yake ni karibu miaka miwili.

Mwanasayansi John Craven aliijua hesabu hii mwaka 1968, Marekani ilipoitafuta nyambizi Scorpion. Kila dhana aliipa uzito wake. Mahali palipotafutwa bila mafanikio palipungua uzito, hapakufutwa. Meli Mizar ikaipata Oktoba mwaka huohuo, bila kompyuta za leo.

Kwa Air France 447, ilibidi aitwe Lawrence Stone wa kampuni ya Metron, aliyeshiriki hesabu za Scorpion, aulize swali la wazi: je, kama vitoa mlio vyote viwili viliharibika? Ramani ikageuka. Roboti tatu za REMUS kutoka meli Alucia zikapiga sonari karibu na nukta ileile, na tarehe 3 Aprili 2011, baada ya wiki moja hivi, mabaki yakaonekana kwenye kina cha mita 3,900, kilomita kama 12 tu kutoka hapo. Kazi safi. Kitoa mlio kimoja kilichopatikana kilipimwa, hakikulia.

Sasa kanuni zinadai betri za siku 90. Nzuri, ila betri haifufui kitoa mlio kilichopondeka. Meli ijayo itakayopelekwa msakoni ipige sonari kwenye nukta ya mwisho, hata kama vipokezi vimeshapita hapo.