Neno "Baadhi": Kumsoma Sheikh Farsy Kutoka Voi

Kitabu nilichorithi kwa babu hakina jalada. Lilitoka zamani, na yeye akakifunika kwa karatasi ya kalenda ya duka, akaigandisha kwa uji wa unga. Mchwa wamekula pembe mbili, na mchwa wa Voi hawajali hiki ni kitabu cha nani. Lakini jina la ndani bado linasomeka vizuri: *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kilichotoka Mombasa mwaka 1972.

Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo. Sisemi chuo kikuu, nasema chuo cha mkeka na juzuu, na kiboko kilichokaa ukutani zaidi ya kutumika. Siku za wiki alisomesha Voi. Jumamosi alipanda matatu kwenda Mwatate, na mara moja kwa mwezi alifika hadi Taveta, zaidi ya kilomita mia, enzi hizo barabara ikiwa vumbi tupu. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua wa mkonge, watoto wa watu wa reli, watoto wa wenye maduka. Alipofariki tuligawana vitu vyake: mjomba alichukua redio, mama akachukua musala, na mimi, "huyu anayependa kusoma-soma", nikapewa kitabu. Nilikitia kwa begi nikapanda treni ya kurudi Nairobi, ile inayosimama vituo vyote. Kufika Emali nilikuwa nimesahau kama nina simu.

Nimekisoma mara tatu sasa. Nataka kukitetea kwanza, halafu nigombane nacho.

Kama ulikulia katika nyumba ya Kiislamu Kenya au Tanzania, basi jina la Farsy umeliona hata kama hukulitilia maanani. Liko kwenye *Qurani Takatifu*, ile tafsiri nene inayowekwa juu ya kabati, iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na tafsiri ya mmisionari Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ya Waahmadiyya ya mwaka 1953. Farsy aliona kwamba Waislamu wa Kisunni wa huku hawawezi kuendelea kusomewa kitabu chao na watu wengine, akakaa chini akaifanya kazi mwenyewe. Hiyo peke yake ingetosha kumpa mtu jina.

Lakini maisha yake ndiyo yanayonifanya nikisome kitabu cha 1972 kwa jicho lingine. Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kadhi, na hilo utalijua ukisoma ukurasa mmoja tu wa maandishi yake. Mapinduzi yalipokuja Januari 1964 yeye alikuwa kadhi palepale Unguja. Mwaka 1967 alivuka kuja Kenya, na kuanzia 1968 akawa Kadhi Mkuu wetu. Alipostaafu alikwenda Oman, na huko Muscat akafariki mwaka 1982. Mji mmoja wa kuzaliwa, mwingine wa kazi, mwingine wa kaburi. Mtu aliyeandika maisha ya mashehe wasafiri aliishia kuwa mmoja wao, ila safari yake haikuwa ya kutafuta elimu peke yake.

Kitabu chenyewe hakikuzaliwa siku moja. Mbegu yake ilitoka Unguja mwaka 1944, alipoandika juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika. Kwa hiyo kati ya kitabu cha kwanza na hiki cha Mombasa kuna karibu miaka thelathini, na katikati yake kuna nchi iliyogeuka. Alipoanza alikuwa anaandika juu ya ulimwengu aliokuwa akiuona dirishani. Alipomaliza, ulimwengu ule ulikuwa umetawanyika. Wengine wamekufa, wengine wamehama, vyuo vingine vimefungwa. Halii ndani ya kitabu. Hata mara moja. Anaendelea tu kutaja nani alisoma kwa nani. Mimi naona hapo ndipo huzuni ilipo: katika kule kukataa kuacha jina hata moja lipotee.

Muundo wake ni wa zamani. Waarabu walikuwa wakiandika vitabu vya namna hii karne nyingi, vitabu vya maisha ya watu wa elimu, mmoja baada ya mwingine. Alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alisafiri wapi, aliandika nini, alimsomesha nani, alikufa lini. Ukisikia hivyo utadhani inachosha kama orodha ya wapiga kura. Haichoshi, kwa sababu Farsy anasimulia kama mtu aliyekaa barazani. Sentensi zake ni fupi. Anakuchekesha bila kukutangazia kwamba sasa anachekesha. Na zaidi ya yote, aliamua kuandika kwa Kiswahili cha kawaida na kwa herufi za Kilatini, ili kijana aliyetoka shule ya serikali aweze kusoma habari ambazo zamani zilikaa kwa Kiarabu au vichwani mwa wazee. Uamuzi huo ndio kazi yake kubwa ya fasihi, kuliko pambo lolote la lugha.

Na watu anaowasimulia, jamani! Chukua Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, aliyeendesha jahazi kama nahodha kabla ya kuwa kadhi Unguja, na aliyefika Istanbul, Misri, Makka, na Hadhramaut walikotoka wazee wake. Chukua rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefungua chuo Ukutani, Unguja, na ambaye safari zake zilimfikisha Java na hata Cape Town. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Chukua Sheikh Abdul Aziz al-Amawy, aliyezaliwa Barawa, akawa kadhi Kilwa na kisha Unguja. Sisi tunaojisifu kuwa kizazi cha kwanza kuunganishwa na dunia tungekaa kimya kidogo. Hawa walikuwa na marafiki bandari kumi, wakiandikiana barua zinazochukua miezi.

Kuna jambo jingine la kumpa heko. Farsy hakuwa mtu wa kukubali kila desturi ya mashehe waliomtangulia. Mwaka 1977 alitoa kitabu kiitwacho *Bid'a*, na Mombasa iligawanyika kwa mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Lakini katika kitabu hiki cha wasifu, mashehe wa tariqa na masharifu wanapewa haki yao, elimu yao inatajwa kwa heshima. Kubishana na mtu na bado kuandika maisha yake vizuri, hilo ni somo ambalo mitandao yetu haijalisoma.

Sasa tugombane.

Weka kidole juu ya miji ya kitabu. Barawa, Lamu, Mombasa, Unguja, Ngazija. Kisha ng'ambo: Hadhramaut, Makka, Misri. Kidole karibu hakitoki majini. Elimu hapa inasafiri kwa jahazi na meli, na ukisoma haraka utaamini kwamba ikifika ufukweni inashuka, inakaa, na nyuma yake kuna pori.

Mimi natoka huko porini. Na pori lenyewe halikuwa pori. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipopita Taita akielekea Kilimanjaro, aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka pwani. Maana yake njia ilikuwepo, na Waswahili walikuwa wakiijua kabla ya huyo mgeni kuandika kitabu chake. Taveta ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, mahali pa kupumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea Uchagani au Umasaini. Ni nani aliyeswalisha kambi zile? Mtoto akizaliwa, mtu akifa njiani, nani alisoma? Baadaye reli ikafika Voi mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza wakajenga tawi la kwenda Taveta. Yakaja mashamba ya mkonge. Kila hatua ilileta watu, na kila kundi la watu lilihitaji mtu wa kuwasomeshea watoto alifu na be. Walimu hao walikuwepo. Walishuka kwenye treni na kikapu na juzuu, wakakaa miaka arobaini, wakazikwa hapahapa kwenye udongo mwekundu.

Najua jibu. Utaniambia sheikh aliandika wanavyuoni, na hao walikuwa walimu tu. Hawakuandika vitabu, hawakufika Hadhramaut, hakuna kadhi aliyetoka mikononi mwao. Ni kweli. Kwa kipimo cha kitabu hiki babu yangu hapiti hata mlangoni. Safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda Taveta na kurudi. Lakini nauliza kipimo chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya nani. Mnyororo wa elimu ambao Farsy anaupenda hivyo, huyu kasoma kwa yule, unahesabiwa kuanzia juu: mwalimu mkubwa, mwanafunzi mkubwa. Ukiuhesabu kuanzia chini, kuanzia mtoto wa kibarua wa mkonge anayejua Fatiha yake Mwatate, pete ya kwanza utakayoshika ni mwalimu kama babu. Bila pete hiyo mnyororo unaning'inia hewani, mzuri na hauvuti kitu.

Nilikuwa nimefika hapo katika ugomvi wangu nilipofungua kurasa tupu za nyuma na kukuta kwamba hazikuwa tupu.

Babu alikuwa ameandika. Kwa kalamu ya wino mweusi, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ile hati ambayo zamani hata magazeti ya Mombasa yaliitumia. *Sahifa* ya Sheikh Al-Amin Mazrui mwaka 1930 ilitoka hivyo. Mimi nilisomeshwa herufi hizo utotoni kwa ajili ya Kurani, sikuwahi kuzitumia kusoma lugha yangu. Ilinichukua wikendi mbili, herufi moja moja, nikibahatisha irabu. Yalikuwa majina. Mwalimu fulani, alikuja Voi kutoka wapi, alisomesha wapi, alizikwa wapi. Jina jingine. Jingine. Kumi na saba kwa jumla. Juu ya orodha, kama kichwa cha habari, ameandika neno moja: baadhi.

Nilirudi kwenye jina la kitabu nikalitazama upya. Nilikuwa nimelipita mara tatu. Farsy hakusema "Wanavyuoni wa Mashariki ya Afrika". Alisema baadhi yao. Nilidhani ni adabu tu, namna wazee wanavyojishusha kabla ya kuanza kusema. Babu alilisoma kama mlango ulioachwa wazi. Hakulalamika kwamba Voi haimo. Aligeuza ukurasa akaendelea pale sheikh alipoachia, kwa muundo uleule: alitoka wapi, alisomesha wapi, alikufa wapi. Ukosoaji wangu wote wa kurasa nyingi, yeye aliufanya kwa neno moja na orodha.

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki.

Nilimpigia mama kumsomea majina. Alikuwa anawakumbuka karibu nusu, akicheka, "Huyo alikuwa na punda!" Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mamangu?"

Nyanya ndiye aliyemsomesha mama hadi akahitimu. Alisomesha wasichana wa mtaa mzima, alasiri, uani, kwenye mkeka uleule babu alioutumia asubuhi. Babu akienda Taveta, chuo kilibaki mikononi mwa nyanya, wavulana kwa wasichana. Jina lake halimo katika yale kumi na saba. Babu aliyeona pengo la Voi katika kitabu cha Farsy hakuona pengo lililokuwa likimpikia chai. Kitabu cha sheikh ni kitabu cha wanaume, na nyongeza ya babu pia ni ya wanaume. Siwezi kumlaumu mmoja nikamsamehe mwingine kwa sababu ni wa damu yangu.

Nilimwambia mama nitaongeza jina la nyanya chini ya orodha. Akakataa. "Kitabu cha babako mkubwa hakiandikwi-andikwi. Hiyo ni hati yake." Tulibishana. Mwishowe tukakubaliana karatasi ya pembeni, tena yeye ndiye atakayenitajia habari nami niandike, kwa sababu mimi sikumjua nyanya vya kutosha.

Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa Voi, uani, na daftari. Alizaliwa wapi: Sagalla. Alisoma kwa nani: hapo mama akasita, akasema kuna bibi mmoja aliyekuja na reli, jina atalikumbuka, nisubiri. Nimeacha nafasi ya mstari mmoja.